Sura ya 8: Mgonjwa wa Kumi

Mwaka 2014 daktari wa mishipa ya fahamu kutoka California, Dale Bredesen, alichapisha taarifa iliyozungumzwa sana. Watu kumi waliokuwa wakipoteza kumbukumbu walipewa mpango wa kubadili maisha yao: kupunguza sukari na wanga, kufanya mazoezi, kulala vya kutosha, kutuliza mawazo, pamoja na vitamini na virutubishi vya kila aina. Tisa, aliandika, walianza kupata nafuu ndani ya miezi mitatu hadi sita. Wa kumi hakupata. Alzheimer yake ilikuwa imeshafika mbali.

Vitabu vilivyofuata viliuzwa kwa habari za wale tisa. Sura hii ni ya yule wa kumi, maana ndiye tunayemuuguza majumbani mwetu. Mzee akianza kurudia hadithi ileile mara tatu kwa siku, tunasema ni uzee. Akipotea njia ya kurudi kutoka msikitini, tunampa mjukuu wa kumsindikiza. Hospitali inakumbukwa pale mama anapomwita bintiye "dada" na kuomba apelekwe kwao, kwa wazazi waliokwisha kufa zamani. Ndipo ndugu aliye Muscat au Minneapolis anapotuma video ya daktari anayeahidi kwamba dimensia inarudi nyuma kwa mboga za majani na mafuta ya nazi.

Tukubaliane kwanza kwamba hata habari ya wale tisa ina upungufu. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, yaani watu wenye hali kama yao walioachwa waendelee na maisha ya kawaida, hivyo haijulikani nafuu ile ilitokana na nini. Jaribio lililopangwa vizuri zaidi lilitoka mwaka 2024, chini ya Dean Ornish, naye wa California. Kwa wiki 20 kundi moja lilikula chakula cha mimea tu, kilichopelekwa hadi nyumbani kwao, likafanya mazoezi, likatafakari na kukutana kwa mazungumzo. Kati ya wagonjwa 24 wa kundi hilo, kumi walionekana kuimarika. Katika kundi la kulinganisha hakuimarika hata mmoja. Ni habari njema, ingawa jaribio lenyewe ni dogo na fupi. Lakini waliokubaliwa kuingia walikuwa na dalili za mwanzo tu. Mtu asiyeweza tena kufuata maelekezo hakuwamo.

Ndivyo ilivyo karibu kila unapotazama. Jaribio kubwa la Finland lijulikanalo kama FINGER, lililotangazwa mwaka 2015, lilihusu wazee 1,260 waliokuwa hatarini lakini hawajaugua. Hapa kwetu, wilayani Hai mkoani Kilimanjaro, watafiti walijaribu vikao vya kuchangamsha akili kwa wazee 34, na akili pamoja na hali ya maisha yao vikaonekana kuwa bora. Nao walikuwa wagonjwa wa hatua ya mwanzo na ya kati. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilisema karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, usikivu hafifu na kukosa shule utotoni. Takwimu hiyo inamhusu kijana wa miaka 45 ambaye hajapima presha yake. Haimhusu mama yake aliye kitandani.

Uingereza walipowapeleka wagonjwa wa hatua ya mwanzo na ya kati kwenye mazoezi mazito, watu 494 kwa jumla wakilinganishwa, matokeo ya mwaka 2018 yaliwashangaza wengi. Miili ilipata nguvu, lakini akili haikunusurika; baada ya mwaka mmoja, waliofanya mazoezi walikuwa nyuma kidogo ya wenzao.

Sababu iko ndani ya ubongo wenyewe. Katika Alzheimer, ambayo ndiyo aina ya dimensia iliyoenea zaidi, protini za amiloidi na tau huanza kujikusanya miaka 15 au 20, pengine zaidi, kabla mtu hajasahau jina la mjukuu wake. Seli hupoteza mawasiliano, kisha hufa, na ubongo husinyaa. Chakula bora na mazoezi hulinda mishipa ya damu, hushusha sukari na presha, na kwa njia hiyo huzisaidia seli zilizo hai. Seli iliyokufa hairudishwi na mchicha. Hairudishwi na dawa yoyote iliyopo pia, kwa hiyo mboga zisionewe peke yake.

Daktari Barry Reisberg wa New York aliipanga safari ya ugonjwa huu katika hatua saba. Katika ya saba maneno ya mgonjwa hubaki kama sita hivi kwa siku, kisha moja. Baadaye hawezi kutembea, halafu kuketi bila kushikiliwa, halafu kutabasamu, mwisho hata kuinua kichwa. Mtu wa hatua hii kumwambia afanye mazoezi ya kumbukumbu ni kumtesa.

Je, tuviache basi chakula, mwendo na watu? La. Ila kazi yake imebadilika, na kwenye chakula kanuni hugeuka kabisa. Mgonjwa wa hatua ya mwisho hukonda. Kumnyima sukari, chumvi au nyama kwa jina la tiba ni kumwongezea njaa. Mpe anachokipenda: uji mzito wenye maziwa, ndizi zilizopondwa, wali laini wa nazi. Mkalishe wima, tumia kijiko kidogo, na usubiri ameze kabla ya kijiko kingine. Akikohoa kila anywapo maji, mwambie muuguzi, kwani anapaliwa, na maji au chakula vinaweza kuingia mapafuni.

Siku moja atafumba mdomo. Hapo daktari anaweza kupendekeza mpira wa kulishia, na ndugu wataogopa kuonekana wanamuua mzee kwa njaa. Madaktari wa wazee wa Marekani, kupitia chama chao, wanashauri kulisha kwa mkono badala yake, kwa sababu katika hatua hii mpira haujaonekana kurefusha maisha wala kuzuia nimonia. Utafiti uliofuatilia wagonjwa 323 wa hatua hii katika nyumba za wazee za eneo la Boston, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta asilimia 86 walipata shida ya kula, na zaidi ya nusu walifariki ndani ya miezi 18. Kukataa chakula ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na mlezi asijibebeshe lawama.

Kwenye utulivu kuna la kufanya zaidi kuliko watu wanavyodhani. Norway, mwaka 2011, wagonjwa 352 wenye ghasia, wapigao kelele na kuwasukuma wauguzi, waligawanywa makundi mawili. Moja lilipewa dawa za maumivu kwa utaratibu, wengi wao parasetamoli tu. Ndani ya wiki nane ghasia zilipungua kwa asilimia 17, na dawa ziliposimamishwa zikapanda tena. Watu walikuwa wanaumwa, na hawakuwa na maneno ya kusema. Kabla ya kuomba dawa za usingizi au za wagonjwa wa akili, ambazo huongeza hatari ya kifo kwa wazee hawa, tazama meno, magoti, mgongo, choo kigumu, vidonda vya kulalia.

Na mabadiliko ya ghafla msiyahesabu kuwa ni dimensia. Mzee aliyekuwa mtulivu juzi, leo anaweweseka au analala kutwa, huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, upungufu wa maji, au dawa mpya isiyomfaa. Hayo yanatibika, hata katika hatua ya saba.

Yanayobaki ni ya kila siku: kumgeuza, kumnyoosha viungo taratibu, kumtoa nje aote jua la asubuhi, kumsafisha kinywa, kumpaka mafuta, kumwekea kaswida, tenzi za kanisani au taarabu ya ujana wake. Katika nyumba 69 za wazee nchini Uingereza, wauguzi walipofundishwa kumtazama mgonjwa kama mtu na kumpa saa moja tu ya mazungumzo kwa wiki, ghasia zilipungua na hali ya maisha ikawa bora.

Kwa hiyo mtu akikuuzia mpango wa kurudisha kumbukumbu za mama, muulize jambo moja: kati ya waliojaribiwa, wangapi walikuwa hawawezi tena kujilisha? Akikosa jibu, fedha hizo mlipe mtu wa kumpokea dada yako zamu ya usiku.