Kijana anapoaga kwenda bwawani peke yake

Masika yakiisha Mngeta, maji ya Bonde la Kilombero hupungua na kuacha mabwawa yaliyotuama, mengine kando ya msitu. Ndipo kijana aliye likizo huaga asubuhi: anakwenda kutembea, atarudi jioni.

Mzazi humwonya kuhusu nyoka na mamba. Ni sawa, mamba hana masihara. Wanaosahaulika ni konokono wadogo wa kwenye majani ya maji hayo. Hubeba vimelea vya kichocho, ambavyo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, saa ileile kijana anapofika amechoka na kuvua viatu. Hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Damu kwenye mkojo huja wiki au miezi baadaye, na wavulana huificha kwa aibu.

Si lazima umkatalie. Apate mwenzake, akuachie njia na saa ya kurudi, abebe maji ya kunywa, aoge nyumbani. Akikiri kwamba aliingia majini, usimgombeze. Baada ya miezi miwili au mitatu mpeleke akapimwe, hata kama haumwi. Kichocho hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli.