Tando Nyembamba za Oksidi za Metali katika Vihisibayo vya Aflatoksini: Kutoka Maabara hadi Mashine za Kusaga Mahindi za Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna tando nyembamba na miundo ya nano ya oksidi za metali inavyotumika kutengeneza vihisibayo, na yanachunguza nafasi ya vifaa hivyo katika upimaji wa aflatoksini kwenye mahindi yanayoingia Kampala. Hoja kuu ni kwamba uwezo wa kutambua kiasi kidogo mno cha sumu, ambao hutangazwa zaidi katika tafiti za maabara, umekwisha kupita mahitaji ya sheria. Vikwazo vilivyobaki ni mtawanyiko usio sawa wa sumu ndani ya shehena, maandalizi ya sampuli, uthabiti wa utando na ulinganishaji wa vipimo. Makala yanahitimisha kwamba thamani ya kihisibayo cha bei nafuu hutokana na mahali na wakati kinapotumiwa, yaani kabla ya shehena mbalimbali kuchanganywa.

1.0 Utangulizi

Aflatoksini ni kundi la sumukuvu linalotolewa hasa na kuvu aina ya Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus, ambao huota kwenye mahindi, karanga na mazao mengine yasiyokaushwa au kuhifadhiwa vizuri. Uganda imo katika historia ya utafiti wa sumu hii tangu miaka yake ya mwanzo. Kati ya mwaka 1966 na 1967, sampuli 480 za vyakula vya akiba zilikusanywa katika sehemu mbalimbali za nchi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1971 yalionesha kuwa asilimia 29.6 ya sampuli hizo zilikuwa na aflatoksini, na asilimia 3.7 zilizidi mikrogramu 1,000 kwa kilo. Utafiti huo ulihusianisha wingi wa sumu katika chakula na kiwango cha saratani ya ini. Hivi sasa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka aflatoksini katika Kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Madhara yake huweza pia kuwa ya ghafla. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa upande wa biashara, tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio hilo liliondolewa kwa masharti, likiwamo la kila shehena kuwa na cheti kinachoonesha kuwa aflatoksini iko chini ya mikrogramu 10 kwa kilo. Hicho ndicho kikomo cha aflatoksini zote kilichowekwa na kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2. Kwa aflatoksini B1 pekee, kikomo ni mikrogramu 5 kwa kilo.

Hivyo basi, upimaji umekuwa sharti la afya na la soko kwa pamoja. Swali linalojadiliwa hapa ni hili: je, vihisibayo vya oksidi za metali vinaweza kuusogeza upimaji huo kutoka maabara kuu hadi mahali mahindi yanapopokelewa, kama vile Kisenyi, eneo la Kampala linalojulikana kwa biashara ya nafaka na usagaji wa unga wa posho?

2.0 Kihisibayo na kazi ya utando wa oksidi

Kihisibayo ni kifaa kinachounganisha kitambuzi cha kibiolojia, kama vile kimeng'enya au kingamwili, na kigeuzi kinachobadili tukio la kibiolojia kuwa ishara inayopimika. Msingi wake uliwekwa na Clark na Lyons mwaka 1962, walipopendekeza elektrodi yenye kimeng'enya cha kupimia glukosi. Vipimo vya sukari vinavyotumiwa na wagonjwa wa kisukari leo ni matunda ya wazo hilo.

Utando mwembamba ni tabaka la maada lenye unene wa kuanzia nanomita chache hadi mikromita chache, lililotandazwa juu ya kioo, metali au plastiki. Katika vihisibayo, oksidi zinazotumiwa mara nyingi ni za zinki, titani, bati, nikeli na seriamu. Sababu za kuzichagua ni tatu.

Sababu ya kwanza ni chaji ya uso. Kila oksidi ina kiwango cha pH ambapo uso wake hauna chaji. Kwa oksidi ya zinki kiwango hicho ni takriban 9.5. Kwa hiyo, katika myeyuko wenye pH ya 7 uso wake huwa na chaji chanya na huvuta protini zenye chaji hasi. Kimeng'enya kinachooksidisha glukosi, ambacho kiwango chake ni takriban 4.2, hushikamana nao bila kuhitaji gundi ya kikemikali. Kingamwili hutofautiana kwa chaji, na baadhi yake huhitaji kiunganishi cha ziada.

Sababu ya pili ni eneo la uso. Oksidi ya zinki ikioteshwa katika umbo la vijiti vya nano vilivyosimama mithili ya nyasi, eneo la kubebea kingamwili huongezeka mara nyingi kuliko kwenye utando bapa wa ukubwa uleule. Sababu ya tatu ni upitishaji wa umeme. Oksidi hizi nyingi ni nusu-kipitishi. Chaji iliyo karibu na uso wake hubadili mkondo wa umeme, na badiliko hilo ndilo linalosomwa kama kipimo.

Aflatoksini huleta ugumu wa pekee. Molekuli ya aflatoksini B1 ina uzito wa 312 tu, ilhali kingamwili ina uzito wa takriban 150,000. Molekuli ndogo kiasi hicho inaponaswa, ishara hubadilika kidogo mno. Kwa sababu hiyo, vifaa vingi hutumia mbinu ya ushindani: aflatoksini iliyofungwa kwenye kimeng'enya huwekwa pamoja na sampuli, na hizo mbili hugombania nafasi za kingamwili. Sumu ikiwa nyingi katika mahindi, ishara ya kimeng'enya hupungua.

3.0 Uwezekano wa kutengeneza tando Afrika Mashariki

Utengenezaji wa tando hizi hauhitaji lazima mitambo ya gharama kubwa. Unyunyizaji wa metali katika ombwe hutoa tando bora, lakini kuna njia za kimiminika zilizo rahisi zaidi. Chumvi ya zinki huyeyushwa katika alkoholi, hutandazwa juu ya kioo kinachozungushwa kwa kasi, kisha hupashwa moto wa nyuzi 300 hadi 500 za Selsiasi. Tabaka hilo huwa mbegu. Baada ya hapo kioo huzamishwa katika maji yenye nitrati ya zinki na heksamini kwa saa kadhaa, katika joto la takriban nyuzi 90, nayo vijiti vya nano huota. Kampala iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 96. Bado kuna nafasi ya kutosha ya kuoteshea vijiti bila chombo cha shinikizo.

Ujuzi wenyewe upo. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Makerere imekuwa ikitafiti tando nyembamba kwa muda mrefu, hasa kwa ajili ya nishati ya jua, na kazi ya namna hiyo hufanyika pia katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbinu za kupima unene, uwazi na ukinzani wa utando wa seli ya jua ndizo zinazohitajika kwa utando wa kihisibayo. Kinachohitajika zaidi ni kuwakutanisha wanafizikia hao na wanabiokemia pamoja na wataalamu wa chakula.

4.0 Namna ya kusoma kikomo cha utambuzi

Tafiti nyingi za vihisibayo hutangaza kikomo cha utambuzi, yaani kiasi kidogo kabisa kinachoweza kutambuliwa. Mshauri wa sera anapaswa kusoma takwimu hiyo kwa uangalifu, kwa kuwa mara nyingi hupatikana katika myeyuko safi, si katika mahindi.

Mikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu moja ya sumu ndani ya tani 100 za mahindi. Gunia la kilo 100 lililofika kikomo lina miligramu moja tu. Ili kuipima, mahindi husagwa na sumu hutolewa kwa mchanganyiko wa methanoli na maji. Ikiwa lita tano za mchanganyiko hutumika kwa kila kilo, myeyuko utakuwa na mikrogramu 2 kwa lita. Kwa kuwa methanoli nyingi hudhoofisha kingamwili, myeyuko huo huzimuliwa tena. Ukizimuliwa mara kumi, kifaa hukutana na mikrogramu 0.2 kwa lita. Kiasi hicho ndicho kinachopaswa kupimwa kwa uhakika, tena mbele ya mafuta, wanga, protini na rangi za mahindi.

Vihisibayo vingi vilivyoripotiwa duniani vinafikia kiwango hicho. Kifaa kinachotambua kiasi kidogo mara elfu zaidi hakimsaidii mnunuzi wa Kisenyi kufanya uamuzi bora, maana sheria haimtaki atambue kiasi hicho.

5.0 Punje moja kati ya maelfu

Chanzo kikubwa zaidi cha makosa kiko nje ya kifaa. Kuvu haushambulii punje zote kwa usawa. Punje moja ya mahindi imewahi kupatikana ikiwa na zaidi ya mikrogramu 400,000 kwa kilo. Punje ya namna hiyo yenye uzito wa gramu 0.3 hubeba mikrogramu 120 za sumu, kiasi kinachotosha kufikisha kilo 12 za mahindi safi kwenye kikomo cha EAS 2. Kilo 12 zina takriban punje 40,000. Anayechota kilo moja kutoka kwenye gunia anaweza kuikosa punje hiyo kabisa, au kuipata na kuhukumu gunia zima kuwa na sumu kuliko lilivyo.

Mfano wa kihesabu utafafanua. Tuseme mtawanyiko wa makosa yatokanayo na uchukuaji wa sampuli ni 9, na wa kifaa bora cha maabara ni 1. Jumla ni 10. Kifaa kikifanywa kamilifu, jumla hushuka hadi 9 tu. Kihisibayo hafifu chenye mtawanyiko wa 3, kikitumiwa kwa sampuli nne tofauti za shehena ileile, hutoa wastani wenye mtawanyiko wa 3, yaani 12 kugawanywa kwa 4.

Inaweza kudaiwa kwamba maabara nayo inaweza kusaga sampuli hizo nne pamoja na kupima mara moja; mtawanyiko wake ungekuwa 3.25, yaani karibu sawa. Dai hilo ni sahihi, nalo huonesha faida halisi ya kihisibayo iko wapi. Usahihi unaweza kupatikana kwa njia zote mbili. Kisichoweza kupatikana kwa maabara ya mbali ni wakati. Mahindi ya wakulima wengi yakishamiminwa katika ghala au mashine moja, gunia moja baya huharibu mengine, na haiwezekani tena kujua lilitoka wapi. Jibu linalopatikana lori lingali halijashushwa huokoa mahindi mema. Jibu la baada ya siku kadhaa hueleza tu kilichokwisha kutokea.

6.0 Uthabiti na ulinganishaji

Utando unaofanya kazi siku ya kwanza unaweza kushindwa baada ya miezi. Oksidi ya zinki huyeyuka katika asidi na katika alkali kali, na miyeyuko yenye fosfati, inayotumiwa sana katika biokemia, huigeuza uso wake kuwa fosfati ya zinki. Oksidi za titani na bati ni imara zaidi. Aidha, oksidi za zinki na titani zikipigwa na mionzi ya urujuanimno huvunja molekuli za kikaboni zilizo juu yake. Katika jua la ikweta, kihisibayo kilichoachwa wazi kinaweza kuharibu kingamwili zake chenyewe. Kifungashio kisichopitisha mwanga ni sehemu ya kifaa.

Kuhusu ulinganishaji, kila kundi la tando hutofautiana kidogo na lililotangulia. Bila unga wa rejea wenye kiasi cha sumu kinachojulikana, maabara mbili haziwezi kujua kama zinapima kitu kimoja. Kosa hapa lina mwenyewe wa kulilipia. Kifaa kikisema uongo kwa kupunguza, mlaji wa posho hupata sumu. Kikisema uongo kwa kuzidisha, mkulima hupoteza mazao ya msimu mzima.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Tando za oksidi za metali zinaweza kutengenezwa Afrika Mashariki kwa vifaa vya wastani, na unyeti wake unatosha kwa kikomo cha EAS 2. Kazi iliyobaki ni ya vipimo na taratibu zaidi kuliko ya kutafuta oksidi mpya. Kutokana na mjadala huu, inapendekezwa kwamba:

(a) Unga wa rejea wa mahindi ya Afrika Mashariki uandaliwe na kugawiwa kwa maabara zote zinazotafiti vihisibayo, chini ya uratibu wa mashirika ya viwango, likiwamo Shirika la Taifa la Viwango la Uganda (UNBS).

(b) Wafadhili wa utafiti wadai matokeo yaliyopatikana katika mahindi halisi, baada ya kifaa kuhifadhiwa miezi sita katika joto la kawaida, na yaliyolinganishwa na kromatografia ya kimiminika.

(c) Kihisibayo kitumike kwa uchujaji wa awali. Kizingiti chake kiwekwe chini ya mikrogramu 10 ili kumlinda mlaji, na shehena itakayokizidi ipelekwe maabara kabla ya kukataliwa ili kumlinda mkulima.

(d) Mwongozo wa uchukuaji wa sampuli utolewe pamoja na kila kifaa, ukieleza idadi ya magunia ya kuchotwa na uzito wa kusagwa.

(e) Upimaji ufanywe mahali pa kupokelea mahindi, kabla ya kuchanganywa, na shehena zilizothibitika kuzidi kikomo ziwe na njia rasmi ya kuondolewa sokoni, zisije zikarejea kwa mlango mwingine.

Pasipo hatua hizi, tando zitaendelea kuboreka katika maabara huku magunia ya Kisenyi yakiendelea kuhukumiwa kwa macho.