Mkopo wa Serikali na Daftari la Mwenye Duka

Kila mwenye duka aijua siku mbaya: tangu asubuhi mpaka jioni hakuingia mnunuzi hata mmoja, nao wafanyakazi wangoja mshahara wao. Siku moja yavumilika. Lakini siku hiyo ikiendelea mwezi mzima, tena si katika mtaa mmoja tu bali katika nchi yote, nani atamsaidia? Jirani yake naye amefunga. Ndugu yake naye hana kitu. Ndipo watu wote huigeuzia Serikali macho.

Jambo hilo liliwapata watu wa Marekani mwaka 2020. Tumeona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu jinsi Serikali ya nchi ile ilivyowakopesha wafanyabiashara wadogo, kwa sababu habari hiyo ina mafundisho kwa kila jamaa inayoishi kwa cherehani, kwa tanuri la mikate au kwa meza ya sokoni.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule, ugonjwa wa korona ulipoenea, wakuu wa majimbo mengi waliamuru mikahawa, vinyozi na maduka mengi yafungwe. Katika mwezi wa nne peke yake watu zaidi ya milioni 20 walipoteza kazi. Tarehe 27 Machi Rais Donald Trump alitia sahihi sheria iliyopitishwa na Bunge, ambayo ndani yake zilitengwa dola bilioni 349 za kuwakopesha wenye biashara ndogo, ili wasiwafukuze wafanyakazi wao.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Serikali haikugawa fedha kwa mkono wake, bali ilizitumia banki. Banki ilikopesha, na Serikali ikawa mdhamini. Mwenye biashara aliweza kupewa mishahara ya mwezi mmoja mara mbili na nusu, mradi isipite dola milioni 10. Riba ilikuwa 1 kwa mia. Na kama sehemu kubwa ya fedha ilitumika kwa mishahara, yaani 75 kwa mia hapo mwanzo na 60 kwa mia baadaye, nayo iliyobaki ikalipa kodi ya nyumba na mahitaji ya namna hiyo, basi deni lote lilifutwa. Kwa jina ulikuwa mkopo. Kwa kweli ulikuwa msaada kwa yule aliyewatunza watu wake.

Nani atabisha kwamba shauri hilo lilikuwa jema? Lakini tazameni yaliyofuata. Mlango ulifunguliwa tarehe 3 Aprili, na tarehe 16 Aprili fedha zote zilikuwa zimekwisha. Siku 13 tu! Wale wafanyao kazi peke yao, bila mfanyakazi, walikuwa wameruhusiwa kuomba tangu tarehe 10 tu. Wakati huo kampuni ya mikahawa ya Shake Shack ilikuwa imekwisha kupata dola milioni 10, na ile ya Ruth's Chris milioni 20, kwa kuwa sheria iliwaruhusu wenye mikahawa mingi kuhesabu kila mkahawa peke yake. Watu waliponung'unika, kampuni hizo mbili zilirudisha fedha. Lakini wangapi wenye viduka vidogo walikuwa bado wakingoja jibu la banki, na huku akiba yao ikiisha!

Kwa nini aliye mkubwa alitangulia, na mkopo uliwekwa kwa ajili ya mdogo? Twaona sababu mbili.

Ya kwanza ni banki yenyewe. Serikali iliilipa banki kwa kazi yake: 5 kwa mia kwa mkopo usiozidi dola 350,000, na 1 kwa mia kwa mkopo wa milioni 2 na zaidi. Hebu tupige hesabu. Mwoka mikate alipaye mishahara ya dola 8,000 kwa mwezi angekopa 20,000, na banki ingepata 1,000. Kampuni iliyokopa milioni 10 iliipatia banki 100,000. Karatasi za kusoma zilikaribia kuwa sawa, lakini ujira ulikuwa mara mia. Tena banki nyingi zilianza na wateja waliokuwa wakizijua. Aliyekuwa hana mtu wa kumfahamu katika banki alisimama nyuma ya wote.

Sababu ya pili ni daftari. Mkopo ulipimwa kwa maandishi: mishahara iliyoandikwa, kodi iliyolipwa. Mtu afanyaye kazi peke yake alipimwa kwa faida aliyoiandika katika karatasi ya kodi. Aliyeandika kwamba hakupata faida yoyote, hakustahili hata senti. Kanuni hiyo iligeuzwa mwezi wa tatu wa mwaka 2021, nayo mapato yote yakaanza kuhesabiwa. Kwa wengine msaada huo ulikuja wamekwisha kufunga milango yao.

Tuwe wa haki: wenye mamlaka walijaribu kusahihisha kosa. Mwezi huo huo wa nne ziliongezwa dola bilioni 310, na 60 kati yake ziliwekwa kwa ajili ya wakopeshaji wadogo na wa kati. Mwaka 2021 ziliwekwa siku 14 ambazo wenye wafanyakazi chini ya 20 peke yao waliweza kuomba. Ujira wa banki kwa mikopo midogo nao uliongezwa. Mpango ulipofungwa tarehe 31 Mei 2021, mikopo karibu milioni 11.8 ilikuwa imetolewa, jumla yake karibu dola bilioni 800. Zaidi ya tisa katika kila kumi ilifutwa.

Lakini haraka ina gharama yake. Mwaka 2023 mkaguzi wa idara iliyosimamia mikopo hiyo alikadiria kwamba dola bilioni 64 huenda zilichukuliwa na wadanganyifu. Na yule mjanja ajazaye karatasi ya uongo hakuiibia Serikali tu. Alimpokonya mwoka mikate aliyesimama nyuma yake.

Sisi nasi tuna la kujifunza. Katika Kongo wengi wetu twasaidiana kwa likelemba: wenzetu watujua, wamjua baba na mama yetu, nao hawatuulizi karatasi. Ni desturi njema. Lakini dhiki ikishika mji mzima, wanachama wote wamekaukiwa pamoja, na yule awezaye kukopesha ni mgeni asiyetujua kwa uso. Yeye atatujua kwa daftari.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi wasomaji wetu wapendwa, msingoje mwaka wa shida. Jioni, duka likifungwa, mume na mke waketi pamoja dakika chache, waandike: fedha zilizoingia, zilizotoka, mshahara wa kijana wa kazi, deni la mteja. Fedha za duka zisichanganywe na zile za chungu cha nyumbani. Wala mtu asikope akitumaini kufutiwa, kwani kukopa harusi, kulipa matanga.

Nao wanaotunga mipango ya mikopo wakumbuke zile siku 13. Haitoshi kuandika juu ya mlango kwamba ni wa wadogo. Yapasa mtu asimame hapo mlangoni, awaite wadogo waingie kwanza.