Kufua nguo kwa mitungi michache

Ukame wa 2020 hadi 2023 ulipita, lakini mitungi bado yabebwa kichwani. Maji ya mfereji ya Malindi na Kilifi hutoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki, na maji hayo hayo hupelekwa mpaka Mombasa. Pampu zikikosa umeme au bomba likipasuka, mifereji ya miji mingi hukauka pamoja. Kule Ganze na Bamba wengi hata huo mfereji hawana. Na wanaochota Sabaki kwenyewe wanajua, mamba si mchezo. Kwa hivyo mtungi mmoja ukiokolewa siku ya kufua, ni safari moja ambayo msichana haendi mtoni.

Tunapotembelea majumba, twaona maji mengi yapotea kwenye kusuuza, si kwenye kufua. Mama ajaza karai pomoni, achovya nguo mara moja, kisha amwaga. Hebu tufanye hesabu. Tuseme nguo zilizokamuliwa zimebaki na lita 1 ya maji ya sabuni. Ukizisuuza mara moja katika lita 10, sabuni inayobaki katika kila lita ni sehemu 1 kati ya 11. Lakini gawanya zile lita 10 mara mbili, lita 5 na lita 5, ukikamua vizuri katikati: yabaki sehemu 1 tu kati ya 36. Maji ni yale yale! Siri iko kwenye kukamua. Leso nzito na shuka zikamuliwe na watu wawili, na hapa vijana wa kiume nao wana mikono.

Anza na nguo nyeupe, halafu za rangi, mwisho za shamba. Maji ya suuzo la mwisho la zile nyeupe ndiyo ya kulowekea zinazofuata. Loweka usiku, paka sabuni kwenye kola na makwapa tu. Kuchemsha maji ya kufulia katika joto hili letu la pwani ni kuchoma kuni bure, isipokuwa nguo za mgonjwa.

Jambo jingine ni kisima. Visima vyetu vingi vimo katika mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa (shuleni watoto huyaita maji magumu). Sabuni ya mche ikikutana na chokaa haitoi povu, hufanya utando unaoganda kwenye nguo. Basi mtu huongeza sabuni, kisha huongeza maji ya kuitoa. Maji ya mvua hayana chokaa. Paa la mabati la mita 3 kwa 4, mvua ikinyesha milimita 10, laweza kutoa lita 120, yaani mitungi 6. Ya paa la makuti huwa na rangi, msifulie sare nyeupe.

Maji machafu ya sabuni yasugulie sakafu ya choo. Mchicha usiumwagilie. Ya nepi yaende chooni moja kwa moja, mbali na kisima.

Sasa pasi. Ukikung'uta nguo na kuianika imenyooka, nyingi hazihitaji pasi kabisa. Lakini kuna inzi anayetaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi za kivulini, na funza wake huingia ngozini. Anika kwenye kamba, juani. Nguo iliyoanikwa chini, hasa ya mtoto mchanga, lazima ipigwe pasi mpaka kwenye mishono.

Pasi ya umeme ya wati 1000 ikivuta umeme saa nzima bila kukatika hula uniti 1. Taa ya wati 10 ingewaka saa 100 kwa uniti hiyo. Pigeni sare zote za wiki siku moja, kuanzia vitambaa vyepesi hadi vizito, na mwishoni zimeni, leso za mfukoni zimalizwe na joto lililobaki. Wenye pasi ya makaa wafanye vivyo hivyo kwa moto mmoja, lakini barazani. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na chumba kilichofungwa chenye watoto waliolala si mahali pake.