Kilichopotea ‘The Karate Kid’ ilipoigizwa upya

ANAYETAZAMA filamu ya The Karate Kid ya mwaka 2010 akitarajia kuona karate atavunjika moyo mapema. Mhusika mkuu, Dre Parker, hafundishwi karate ya Wajapani bali kung fu ya Wachina, kwa kuwa hadithi yenyewe imehamishiwa Beijing. Nchini China filamu hiyo ilitolewa kwa jina lililotaja kung fu, na jina hilo lilikuwa la kweli zaidi.

Hata hivyo, kosa la jina ni dogo. Kubwa ni jinsi waandalizi walivyokishughulikia kiini cha hadithi, nacho ni kazi za mikono.

Katika filamu ya kwanza ya mwaka 1984, iliyoelekezwa na John G. Avildsen, kijana Daniel anataka mzee Miyagi amfundishe kujihami. Mzee anampa vitambaa na kumwamuru ang’arishe magari. Kisha anamtuma kusugua sakafu ya mbao, kupaka rangi ua na hatimaye nyumba. Mabega yanamuuma Daniel, naye anakasirika akidhani amegeuzwa kibarua asiye na ujira. Ndipo mzee anapomrushia makonde, na kijana anashangaa kuona mikono yake ikiyakinga yenyewe. Zile kazi ndizo zilizokuwa somo.

Mtoto wa Katelembo, Machakos, hahitaji mkalimani wa sehemu hiyo. Katika nchi ya Ukambani yenye uhaba wa mvua, kubeba mitungi ya maji na kusaidia kuchimba matuta ya ‘fanya juu’, ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mteremko, ni kazi zinazokomaza mgongo na mikono bila mwenyewe kujua. Akiambiwa kwamba jasho hilo lina faida nyingine iliyofichika, atatega sikio.

Filamu ya 2010, iliyoelekezwa na Harald Zwart, iliweka koti mahali pa kazi hizo. Bw Han, anayeigizwa na Jackie Chan, anamwamuru Dre avue koti, alitundike, aliangushe, aliokote, alivae. Kisha arudie tena na tena. Mikono inajifunza, ni kweli, na Dre anaachishwa tabia ya kutupa nguo sakafuni iliyokuwa ikimuudhi mamake. Lakini hakuna gari lililong’aa wala ua uliopakwa rangi. Zoezi limebaki zoezi tu.

Umri nao una neno. Daniel ni mwanafunzi wa shule ya upili, na Ralph Macchio aliyemwigiza alikuwa amepita miaka 20. Dre ana miaka 12. Kuwaona watoto wa rika hilo wakirushiana mateke mazito kama watu wazima, katika filamu iliyokusudiwa watoto, kunatia shaka zaidi kuliko kuburudisha.

Sifa zipo. Bw Han anapolivunjavunja gari alilolitengeneza kwa mikono yake, akiomboleza mke na mwanawe waliofariki katika ajali yeye akiwa usukani, Chan, ambaye wengi humjua kwa vichekesho, anaigiza kwa uzito usiosahaulika. Mauzo pia hayakuwa haba: zaidi ya dola milioni 350 kote duniani.

Mzazi anayetaka kuwaonyesha wanawe mojawapo na aanze na ya 1984, ijapokuwa picha zake ni za kale. Ile ya 2010 huchukua takriban dakika 140, na wadogo huenda wakasinzia kabla ya mashindano ya mwisho.