Misuli Ipo, Imefunikwa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, vijana wa mtaa wameshaanza tizi uani. Chuma chao ni bomba la maji lililozamishwa kila upande kwenye kopo la rangi lililojazwa zege. Benchi ni ubao juu ya matofali. Ukutani kuna kipande cha kioo. Kila anayemaliza seti hupita hapo, akapandisha fulana na kukagua tumbo. Kifua kimejaa, mikono imejaa, tumbo bado laini kama unga wa chapati.

Ushauri unaotolewa uani hapo ndio huohuo wa jimu za kulipia: ongeza mazoezi ya tumbo. Mia mbili asubuhi, mia mbili jioni.

Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliupima ushauri huo. Wanaume 13 walifanya zoezi la kulala chali na kuinuka kwa siku 27, kila mmoja akafikisha zaidi ya mara 5,000. Kabla na baada, walichomwa sindano ya kutoa chembe za mafuta tumboni, mgongoni chini ya bega, na makalioni. Chembe zilikuwa zimesinyaa, ila zilisinyaa kwa kiasi kilekile mahali pote patatu. Tumbo lililobeba kazi yote halikupata upendeleo wowote. Miaka 13 kabla ya hapo, wachezaji wa tenisi walikuwa wamepimwa mikono yao: ule wa raketi ulikuwa mnene zaidi kwa misuli, lakini mafuta chini ya ngozi yalilingana na ya mkono mwingine.

Msuli hauchoti mafuta yaliyoulalia. Mwili ukihitaji nishati, homoni kama adrenalini huziamuru chembe za mafuta kote mwilini ziachie akiba yake, nayo husafiri kwa damu hadi kwenye msuli unaofanya kazi. Mahali gani patapungua kwanza, hilo huamuliwa na urithi na jinsia. Kwa wanaume wengi, mafuta ya chini ya kitovu ndiyo huaga mwisho.

Ndiyo maana mwili uliochongeka huanzia kwenye chuma na kumalizikia jikoni. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Anayepunguza kalori 500 kwa siku hupoteza kama nusu kilo kwa wiki, walau mwanzoni. Nazo 500 si nyingi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama 120, na kila anayejua chipsi mayai zinavyokaangwa anajua kwamba hakuna anayepima kwa kijiko. Saa nzima ya kunyanyua zege hurudishwa, tena kwa ziada, kabla jasho halijakauka.

Wapo wanaokosea kwa upande wa pili: wanajinyima kila kitu, mwili unaanza kuila misuli yenyewe. Kinga yake ni kuendelea kunyanyua vizito na kula protini ya kutosha. Uchambuzi wa tafiti 49 uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kwamba faida ya protini hufika ukomo kwenye takriban gramu 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni gramu 112. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, na dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Muuza unga wa protini wa kopo hana haraka ya kumweleza mteja habari za dagaa.

Miili ya kwenye mabango ni habari nyingine. Hiyo huandaliwa kwa ajili ya siku moja ya mashindano, kwa wiki nyingi za njaa, na baadhi ya washindani hujikausha maji ili ngozi ishikane na msuli. Oktoba 1992 Mohammed Benaziza, mtunisha misuli mwenye asili ya Algeria, alishinda shindano nchini Uholanzi. Alifariki saa chache baadaye. Kilicholaumiwa ni ukosefu wa maji mwilini na dawa za kuongeza mkojo.