Joy na George Adamson: Ndoa iliyojengwa kati ya simba, duma na chui

Mwaka 1956 mume na mke waliokuwa wakiishi Isiolo, kaskazini mwa Kenya, walipokea nyumbani kwao watoto watatu wa simba waliofiwa na mama yao. Uamuzi huo uliwaletea umaarufu duniani kote, ukaelekeza maisha yao yote yaliyobaki na hatimaye ukawafanya waishi mbalimbali. Uliacha pia swali ambalo Kenya na majirani zake wanaendelea kulijibu kwa sheria na kwa vitendo: je, mnyama wa porini anaweza kuwa sehemu ya familia?

Walikutana vipi?

George Adamson alizaliwa India mwaka 1906 na kufika Kenya mwaka 1924. Alijaribu kazi nyingi, ikiwemo kutafuta dhahabu na kuongoza wawindaji, kabla ya kuajiriwa mwaka 1938 katika idara ya wanyamapori ya serikali ya kikoloni. Alikuwa mmoja wa watumishi ambao wananchi wa enzi hizo waliwaita bwana nyama. Eneo lake la kazi lilikuwa nchi kame ya kaskazini, na majukumu yake yalikuwa kupambana na majangili pamoja na kuwaua wanyama waliowashambulia watu na mifugo.

Joy alizaliwa mwaka 1910 katika mji ambao leo uko Jamhuri ya Czech, wakati huo ukiwa chini ya milki ya Austria. Alifika Kenya mwaka 1937, akawa mchoraji hodari wa mimea, na baadaye alichora picha za watu wa jamii mbalimbali za nchi hiyo. Alipofunga ndoa na George mwaka 1944, ilikuwa ndoa yake ya tatu. Wawili hao hawakujaliwa watoto.

Nyumba yao ilikuwa na wanyama hata kabla ya simba. Aliyejulikana zaidi alikuwa pimbi aliyeitwa Pati, ambaye aliishi na Joy kwa zaidi ya miaka sita na kusafiri naye kila alikokwenda. Pimbi ni mnyama mdogo, mwenye umbo linalomkaribia sungura, na kumweka ndani ya nyumba hakukuwa na hatari kubwa kwa mtu yeyote. Hali ilibadilika mwezi Februari mwaka 1956.

Elsa aliingiaje nyumbani?

George alikuwa porini akimsaka simba aliyeua mtu, pale simba jike alipotokea ghafla na kumrukia. Alimpiga risasi na kumuua. Muda mfupi baadaye ilibainika kwamba jike huyo alikuwa akiwalinda watoto wake watatu waliofichwa katika mwanya wa mwamba. George aliwabeba watoto hao hadi nyumbani kwa mkewe.

Kwa siku mbili za mwanzo walikataa kunywa chochote. Walipokubali maziwa ya kopo, kazi ya kuwalea iliwashughulisha watu wote wa nyumba hiyo. Simulizi ya Adamson mara nyingi huwataja mume na mke peke yao, lakini malezi ya kila siku yaliwategemea pia wafanyakazi Waafrika, hususan Nuru, aliyepewa jukumu la kuwaangalia watoto hao, na Makedde, askari wa wanyamapori aliyeandamana nao porini.

Baada ya miezi michache ilikuwa dhahiri kwamba nyumba moja haingeweza kuwahimili simba watatu. Wawili walio wakubwa walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Aliyebaki alikuwa mdogo kuliko wote, naye aliitwa Elsa. Alisafiri juu ya paa la gari la familia, akafika Ziwa Turkana na hata kwenye fukwe za Bahari ya Hindi, na usiku alilala karibu na walezi wake.

Kwa nini waliamua kumrudisha porini?

Elsa alipokaribia umri wa miaka miwili, wanandoa hao walikuwa na njia mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kawaida wakati huo, ilikuwa kumpeleka katika bustani ya wanyama kama ndugu zake. Ya pili ilikuwa kumfundisha kuishi bila binadamu, jambo ambalo wengi waliliona kuwa lisilowezekana kwa simba aliyelelewa kwa chupa.

Walichagua njia ya pili. Jaribio la kwanza, lililofanyika katika nchi ya Wamaasai, halikufaulu, kwani Elsa aliugua na kudhoofika. La pili lilifanyika katika eneo la Meru, karibu zaidi na alikozaliwa. Ilibidi afundishwe yale ambayo mama yake angemwonyesha: kunyemelea, kukamata, kuua na kulinda mzoga. Mwezi Desemba mwaka 1959 alizaa watoto watatu baada ya kukutana na dume la porini, na baadaye akawaleta kambini kwa walezi wake. Anahesabiwa miongoni mwa simba wa kwanza wanaojulikana kulelewa na binadamu, kisha kurejea porini na kulea watoto wao wenyewe huko.

Kitabu cha Joy kuhusu maisha hayo, Born Free, kilitoka mwaka 1960 na kusomwa katika nchi nyingi. Filamu iliyotokana nacho ilionyeshwa mwaka 1966. Waigizaji wakuu walikuwa Virginia McKenna na Bill Travers, ambao nao walikuwa mke na mume, na uzoefu walioupata Kenya uliwafanya baadaye waanzishe shirika la kutetea wanyama wa porini wanaofungiwa.

Tanzania inaingiaje katika historia hii?

Elsa alikufa mwezi Januari mwaka 1961 kutokana na ugonjwa unaoenezwa na kupe. Watoto wake, waliokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, hawakuwa wamemaliza kujifunza kuwinda. Walianza kuingia vijijini na kushambulia mbuzi. Kwa mfugaji wa eneo hilo, jambo hilo lilimaanisha kupoteza chakula, mahari na akiba ya familia, na wenye mifugo walikuwa na kila sababu ya kujitetea. Mmoja wa simba hao alipigwa mshale.

Ili kuwaokoa, akina Adamson waliwakamata na kuwahamishia Serengeti, katika nchi iliyokuwa bado ikiitwa Tanganyika, miezi michache kabla ya uhuru wake. George aliacha kazi serikalini, na kwa muda mrefu yeye na mkewe waliwatafuta simba hao katika mbuga hiyo pana.

Tukio hilo linaonyesha upande wa pili wa simulizi ya Elsa. Mnyama aliyewazoea watu anaweza kuwa salama mikononi mwa walezi wake, lakini jirani yao hakushirikishwa katika uamuzi wa kumlea, na hasara ikitokea humfika yeye kwanza.

Ndoa yao iliathirika vipi?

Waliowafahamu wawili hao walieleza kwamba tabia zao zilitofautiana sana. George alikuwa mtu wa maneno machache, aliyeridhika na hema na maisha ya porini. Joy alikuwa na juhudi kubwa, hasira za karibu na hamu ya kuona kazi yake ikijulikana duniani. Mapenzi kwa wanyama yaliwaunganisha, na mapenzi hayohayo yakawatenga.

Baada ya filamu ya Born Free, George aliwachukua baadhi ya simba waliotumika kuigiza na kuwapeleka Meru ili wajifunze kujitegemea. Joy naye alipewa duma aliyeitwa Pippa, akaanza kumwandaa kwa maisha ya porini katika hifadhi hiyohiyo. Simba humuua duma anapompata, kwa hiyo wanyama hao wasingeweza kuwekwa pamoja. Matokeo yake, mume na mke walipiga kambi mbili tofauti, kila mmoja na mnyama wake.

Tangu hapo hawakuishi tena pamoja kwa kudumu. Joy alikuwa na nyumba kando ya Ziwa Naivasha, aliyoiita Elsamere, na baadaye alihamia hifadhi ya Shaba kumlea chui aliyeitwa Penny. Mwaka 1970 George alihamia Kora, karibu na Mto Tana, pamoja na mdogo wake Terence. Hata hivyo ndoa haikuvunjwa, na wawili hao waliendelea kuwasiliana.

Gharama yake ilikuwa ipi?

George aliondoka Meru baada ya simba wake mmoja, dume aliyeitwa Boy, kumjeruhi mtoto wa msimamizi wa hifadhi. Mwaka 1971, huko Kora, simba huyohuyo alimuua mmoja wa wafanyakazi wa kambi. George, aliyekuwa amemtunza kwa miaka kadhaa, alimpiga risasi mwenyewe.

Wahifadhi wengi waliitumia mifano hiyo kupinga njia ya Adamson. Hoja yao ilikuwa kwamba simba wa porini humkwepa binadamu kwa sababu anamwogopa, na woga huo huwalinda wote wawili. Anayelelewa na watu huupoteza, na hakuna mafunzo yanayoweza kuurudisha kikamilifu.

Wataalamu hutofautisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Mbwa, paka, mbuzi na ng'ombe ni wanyama wa kufugwa: tabia zao zilibadilika katika vizazi vingi vya kuishi na binadamu, na kwa mbwa mabadiliko hayo yamechukua zaidi ya miaka 10,000. Simba aliyelelewa nyumbani amezoeshwa tu. Upole wake ni wa kwake binafsi na haurithiwi na watoto wake, na hata yeye mwenyewe anapokomaa silika yake hubaki ileile.

Mwisho wa wanandoa hao haukusababishwa na mnyama. Joy aliuawa Shaba tarehe 3 Januari 1980. Taarifa za kwanza zilisema ameshambuliwa na simba, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba aliuawa na mtu, na aliyewahi kuwa mfanyakazi wake alitiwa hatiani. George aliuawa Kora tarehe 20 Agosti 1989, akiwa na umri wa miaka 83, alipokwenda kumsaidia mgeni wake aliyevamiwa na watu wenye silaha.

Ni mafunzo gani yaliyobaki?

Wanandoa wengine waliofanya kazi kama hiyo nchini Kenya walikuwa David na Daphne Sheldrick, waliowalea wanyama yatima katika hifadhi ya Tsavo. Daphne alipata funzo chungu alipomlea ndovu mchanga aitwaye Aisha. Alipoondoka kwa siku chache kuhudhuria harusi ya binti yake, ndovu huyo, aliyekuwa amemzoea yeye peke yake, alikataa kula na akafa. Tangu hapo, katika kituo kilichoanzishwa mwaka 1977 kwa kumkumbuka David, walezi hubadilishana zamu ili ndovu yatima asimtegemee mtu mmoja, na lengo tangu siku ya kwanza ni kumrejesha kwa ndovu wenzake.

Kazi ya Kora nayo ilivuka mpaka. Tony Fitzjohn, aliyekuwa msaidizi wa George kwa miaka mingi, alihamia Mkomazi, kaskazini mashariki mwa Tanzania, ambako alishiriki kulifufua eneo hilo na kurejesha faru weusi na mbwa mwitu. Mkomazi leo ni hifadhi ya taifa, na Kora pia ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa baada ya kifo cha George.

Sheria nazo zimebadilika. Nchini Kenya, sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2013 inamkataza mtu kuweka mnyama wa porini bila kibali, na Tanzania pia inadai kibali. Anayemkuta mtoto wa simba, chui au swala akiwa peke yake anashauriwa asimguse, kwa kuwa mara nyingi mama huwa amemficha na kwenda kutafuta chakula. Anachotakiwa kufanya ni kutoa taarifa kwa askari wa wanyamapori walio karibu.

Elsamere sasa ni makumbusho na kituo cha elimu ya mazingira. Wageni huonyeshwa picha alizochora Joy na vitu walivyovitumia wanandoa hao. Majivu ya Joy yalipelekwa Meru, alikozikwa Elsa, naye George alizikwa Kora, karibu na baadhi ya simba aliowatunza. Hata makaburini, kila mmoja alibaki na wanyama wake.